Wa Pili Kutoka Kushoto

Kazi ya kwanza ya tovuti niliyofanya maishani haikuwa ya pesa. Ilikuwa ya kiti cha darasani. Mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana huko Kajiado aliniambia hivi: nikiwatengenezea tovuti, na bodi ya shule ikaikubali, dada yangu mdogo ataingia kidato cha kwanza pale na kusoma miaka yote minne bila karo. Bodi ikiikataa, basi. Dada yangu alikuwa amefanya mtihani wa darasa la nane na kupita vizuri. Barua ya kuitwa ilikuwa imefika, na ilikuwa imekaa juu ya kabati wiki mbili bila mtu yeyote nyumbani kuigusa. Hata yeye mwenyewe alipofuta vumbi aliruka sehemu ile ya kabati.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya shule za msingi kufanywa za bure. Za upili hazikuwa za bure. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na nilikuwa nimewalea wadogo wangu wawili kwa miaka saba.

Shule ile niliijua kwa sababu mama alikuwa mpishi huko. Baba alikufa Ukambani kabla dada yangu hajajua kutembea, na mama akatuleta Kajiado alikopata kazi ya jikoni. Tuliishi katika nyumba ya wafanyakazi, nyuma ya ghala la kuni. Mama alipokufa nilikuwa katikati ya kidato cha pili, katika shule ya kutwa ya mjini. Watu wa ukoo walikuja, wakakaa ndani ya chumba kile, na walikuwa wamekwisha kupanga. Kaka yangu mdogo angeenda kwa mjomba, Machakos. Dada angeenda kwa shangazi aliyeolewa Oltepesi. Mimi nilikuwa mkubwa, ningetafutiwa kazi ya nyumba Nairobi.

Nikasema, "Hawa watakaa na mimi."

Mjomba akanitazama. "Na wewe utakaa na nani?"

Nikaenda kuteka maji. Niliporudi na mitungi miwili walikuwa bado wanasubiri niseme kitu, nikaenda tena. Mara ya tatu nilipoingia walikuwa wanaongea habari za basi la kurudi. Jambo likawa limeamuliwa hivyo. Watu wameniuliza kama nililia siku ile. Nakumbuka mitungi tu.

Nyumba ya wafanyakazi ilitakiwa na mpishi mwingine, tukahamia Kitengela. Nilichambua maua katika shamba moja la nyumba za vioo, kisha nikafagia duka. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara kutoka kaskazini mashariki, mtu wa mbuzi na ng'ombe. Mke wake aliuza vitambaa na sukari mbele. Nyuma ya pazia aliweka kompyuta nne, akaandikisha nje kwa rangi ya buluu neno SAIBA, kisha akagundua kwamba hakuna mtu wa kuzikalia. Nilikuwa nimezifuta vumbi kila asubuhi kwa miezi mitatu. Akaniambia, "Wewe ndiye unazijua," nikazikalia.

Kilichoendesha saiba ile hakikuwa intaneti. Intaneti ilipitia laini ya simu, ikiingia kwa kelele na kukatika mawingu yakitanda tu. Kilichoiendesha kilikuwa programu za mazishi, kile kijitabu chenye picha ya marehemu mbele, wasifu wake katikati, na mpango wa ibada nyuma. Familia zilikuja watu watatu watatu, wamebeba maisha ya mtu kwenye karatasi ya daftari, nami nikayapiga chapa. Alizaliwa. Alisoma. Alifunga ndoa. Ameacha. Baada ya mwaka mmoja niliweza kukisia sentensi itakayofuata, na mara nyingi nilikuwa sahihi.

Mwenye duka hakuielewa biashara hiyo hata kidogo, ingawa ilikuwa yake.

"Wallahi nyinyi watu," aliniambia mara moja, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai ya maziwa. "Mnaweka mtu kwa baridi wiki mbili mkitafuta picha. Sisi mtu akifa asubuhi, jioni ako ndani. Picha ni ya nini? Kwani malaika hawamjui?"

"Mzee, bila hizi picha ungeuza nini?"

"Mimi niko na mbuzi," akasema. "Mbuzi haitaki picha."

Nilijifunza kazi yangu kwenye karatasi hizo kabla sijajua kama ni kazi. Nilijua kwamba macho ya msomaji yanaanza juu, hata kama ana huzuni. Nilijua kwamba maandishi yakisongamana mtu anaruka, na kwamba pengo tupu pembeni ya ukurasa halipotei bure. Nilijua kugawa ukurasa kwa jedwali: safu hii ya picha, safu ile ya maneno, boksi hili la wimbo. Baadaye, kurasa za intaneti za miaka ile zilipokuja kuwa majedwali matupu ndani ya majedwali, sikushangaa. Nilikuwa nimepanga marehemu wengi kwa njia hiyo.

Kuna kosa moja nililolifanya pale ambalo ni lazima nilieleze. Familia moja kutoka upande wa Isinya ilisema picha inatumwa na basi. Nikachora boksi kwenye ukurasa wa mbele na kuandika ndani yake, kwa herufi kubwa, PICHA INAKUJA, ili nisisahau. Picha ilichelewa. Shemeji wa marehemu alikuwa na haraka, akaniambia nichape tu, akabeba karatasi zote kabla sijazikagua. Kwa hivyo watu walisimama kando ya kaburi wakiwa wameshika kijitabu kilichosema, mahali pa uso wa mtu wao, PICHA INAKUJA. Hakuna aliyekuja kunigombeza. Mama mmoja wa familia ile alipita dukani wiki iliyofuata kununua sukari, akaniambia kwa upole, "Watu wengi walikuwa wanaangalia barabara."

Tangu siku hiyo, ndani ya kila boksi la picha niliandika picha yenyewe ni ya nini. Marehemu akiwa na koti la kijivu, harusi ya mtoto wake. Marehemu na majirani, yeye ni wa tatu kutoka kulia. Picha ikikosa kufika, angalau maneno yatakuwa ya kweli.

Siku moja mteja aliondoka akaacha ukurasa wa gazeti umefunguka, nami nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya badala ya cha kushoto. Orodha ikatokea. Katikati yake paliandikwa kwa Kiingereza kwamba unaweza kutazama chanzo. Nikabonyeza. Nyuma ya gazeti kulikuwa na maandishi matupu, mistari kwa mistari, na katikati ya alama zile niliona maneno ya habari niliyokuwa nimetoka kuisoma. Sikujisikia kama mtu aliyegundua kitu. Ilikuwa kama kugeuza kitambaa na kuona nyuzi zilivyopita. Nikachukua daftari na kuanza kunakili kwa kalamu, kwa sababu karatasi ya kuchapa ilikuwa ya wateja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu. Daftari, ile programu ndogo ya kuandikia inayokuja na kila kompyuta, na kurasa za watu wengine nilizozigeuza nyuma. Nilijifunza kwamba kila alama inayofunguliwa lazima ifungwe. Nilijifunza kwamba rangi huandikwa kwa herufi na tarakimu sita. Na nilikuta kwamba kwenye alama ya picha kuna mahali pa kuandika maneno yatakayoonekana picha isipofika. Mtu fulani nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, alikuwa amefikiria jambo lile lile.

Kaka yangu wakati huo alikuwa anakata mawe kwenye timbo, na aliona kazi yangu ni mchezo.

"Hiyo website yako inauzwa kwa kilo ama kwa mita?" aliniuliza akinawa vumbi.

"Inauzwa kwa dada yako kwenda shule."

Akaendelea kunawa. Tangu hapo alinijazia taa mafuta bila kuambiwa.

Mwalimu mkuu wa shule ile aliishi Kitengela na alikuja kwangu kuchapisha barua. Alikuwa mgeni, alihamishiwa Kajiado baada ya sisi kuondoka. Aliponiona nikicheza na kurasa zangu akasema shule za Nairobi zote sasa ziko na tovuti, na ya kwake haina, na bodi haitaki kusikia habari ya kulipa mtu. Ndipo nikamwambia habari za dada yangu, na yeye akatoa neno lake. Sikumwambia kwamba mama yangu alipika katika shule hiyo. Nilikuwa nimeona mara nyingi jinsi sauti ya mtu inavyobadilika akisikia neno yatima, inavyoshuka na kuwa laini, na jinsi baada ya hapo hawakuoni tena. Nilitaka wapime kazi.

Alinipa bahasha ya picha kutoka kwenye albamu ya shule. Lango. Timu ya mpira wa wavu. Wasichana wakipanda miti. Nilizipitisha kwenye skana moja moja jioni baada ya wateja kupungua. Picha ya timu ya mpira ilikuwa nzito kuliko nyingine. Nilipoinua pembe yake nikaona ni mbili, zimegandana. Nilizitenganisha kwa ukucha, taratibu, ili gundi ising'oe uso wa yoyote.

Ya nyuma ilikuwa ya wapishi. Walikuwa watano, wamesimama mbele ya jiko la zamani, lile la kuni. Mama alikuwa wa pili kutoka kushoto, na kitambaa kichwani, na mkono mmoja umefichwa nyuma, nadhani ulikuwa na masizi.

Hatukuwa na picha yake. Ile ya kitambulisho ilirudi serikalini pamoja na kitambulisho. Dada yangu alikuwa na miaka saba mama alipokufa, na mara nyingine aliniuliza kama mama alikuwa mrefu. Niliitazama picha kwa muda, nikaiweka kwenye skana, nikafunga kifuniko. Mwanga ukapita chini yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilisubiri nisikie kitu. Skana ikamaliza, nikaipa faili jina, nikachukua picha inayofuata.

Kwenye orodha ya mwalimu mkuu hapakuwa na ukurasa wa wafanyakazi. Niliuongeza mwenyewe, ukurasa wa mwisho, picha moja tu. Kwenye mahali pale pa maneno ambayo hakuna anayeyaona nikaandika kama nilivyozoea: Wapishi wa shule mbele ya jiko la zamani. Wa pili kutoka kushoto ni mama yangu. Niliandika hivyo kwa ajili ya kuandika. Picha ikionekana, maneno hayaonekani.

Nilifanya kazi ile mwezi mzima. Rangi ya sweta ya shule ilinisumbua, maruni ambayo kwenye kioo ilikuwa inatokea kama damu au kama kahawa. Nikaomba uzi kutoka kwa mwanafunzi mmoja, nikaubandika kwa mate pembeni ya kioo, nikabadilisha tarakimu mpaka uzi ukapotea ndani ya rangi. Nilikagua kila ukurasa kwenye kompyuta ile ile yenye skana, kila siku. Kila picha ilikuja. Siku ya mwisho nilinakili folda ya kurasa kwenye disketi, na tovuti nzima ikaingia kwenye disketi moja na nafasi ikabaki. Nilifurahia jambo hilo. Lilipaswa kunitisha.

Bodi ilikutana ofisini kwa mwalimu mkuu saa tano. Mwenyekiti alikuwa mzee wa Kimaasai, amevaa koti la suti na viatu vya tairi. Aliponiona akanisalimu, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," nikainamisha kichwa, naye akaweka kiganja chake juu yake kama ninavyokumbuka wazee wakifanya tulipokuwa watoto mjini pale. Pembeni yake aliketi mwalimu mstaafu, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba. Kulikuwa na wajumbe wengine wawili, na mmoja wao alitazama saa tangu nilipoingia.

Mwalimu mkuu aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Nikaingiza disketi.

Ukurasa ulifunguka haraka kuliko ulivyowahi kufunguka kwangu. Rangi ilikuwa sawa. Jina la shule lilikuwa katikati. Chini yake, mahali pa picha ya lango, kulikuwa na boksi tupu lenye alama ndogo nyekundu pembeni, na ndani yake maneno yangu: Lango la shule asubuhi, wasichana wakiingia.

Nilijua kosa lilikuwa wapi kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Skana ilikuwa inaweka picha kwenye folda yake, nje ya folda yangu, na mimi kila mahali pa picha nilikuwa nimeandika njia yote ya kufika huko, kuanzia diski ya kompyuta ya Kitengela. Ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa maelezo yanayoanzia kitandani kwako: inuka, toka mlangoni, geuka kushoto. Kwako yanafanya kazi kila siku. Nilikuwa nimebeba maelezo na kuacha nyumba.

Mwalimu mstaafu akasogeza miwani. "Hii ni website ama ni fomu? Mimi naona maboksi. Tujaze wenyewe?"

Mjumbe wa saa akacheka.

"Picha zimebaki Kitengela," nikasema.

"Zimebaki zikifanya nini?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa sauti ileile ninayotumia kumweleza mteja kwamba wino umeisha. Nikasema naweza kwenda na kurudi kabla ya jioni. Mjumbe wa saa akasema yeye jioni atakuwa mbali.

"Mimi hata picha zingekuja singeziona," mwenyekiti akasema. "Macho yangu ni ya ng'ombe, si ya hiyo televisheni. Mwalimu, wewe soma. Tusikie kama msichana amefanya kitu."

Kwa hivyo mwalimu mstaafu akasoma. Alisoma kila boksi kwa sauti ya mtu anayeita majina darasani. Timu ya mpira wa wavu, wachezaji wa mbele wamepiga magoti. Wasichana wa kidato cha tatu wakipanda miti kando ya ua, mmoja hana kiatu. Mwenyekiti alisikiliza akiwa amefumba macho. "Huyo wa kiatu," alisema mara moja, "amekiacha wapi?" Nilibonyeza, akasoma, nikabonyeza. Tulifika ukurasa wa walimu na nilidhani wametosheka.

"Na hiyo nyingine hapo chini?" mwalimu mkuu akauliza. "Hiyo sikuitaja."

"Ni wafanyakazi," nikasema.

"Fungua."

Ningeweza kusema bado haijakamilika. Mkono wangu ukabonyeza. Mwalimu mstaafu alikuwa amezoea mwendo, sauti yake ilitangulia akili yake, akasoma mpaka mwisho: "Wapishi wa shule mbele ya jiko la zamani. Wa pili kutoka kushoto ni mama yangu."

Akavua miwani.

"Mama ya nani?" mwenyekiti akauliza, macho yakiwa wazi sasa.

"Yangu, Mzee."

"Wewe ni mtoto wa jikoni ya hapa?"

"Ndiyo."

"Na mama ako wapi?"

"Alifariki. Alikuwa akiitwa," nikasema, nikafungua kinywa kutoa jina.

Akainua mkono. "Wacha. Jina yake wacha ilale. Tunamjua."

Wazee wa pale hawamtaji marehemu kwa jina. Nilikuwa nimekulia hapo na nililijua hilo, nikawa nimelisahau kwa sababu ya miaka ya kupiga chapa majina ya watu waliokufa kwa herufi kubwa. Ilikuwa miaka saba tangu nilitamke jina la mama mbele ya mtu mzima. Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Nikafunga kinywa.

"Hukuniambia," mwalimu mkuu akasema.

"Hukuniuliza, Mwalimu."

Aliniambia nikae nje kidogo.

Nje kulikuwa na benchi. Kutoka hapo niliona jiko jipya, la mawe, na mwanamke mmoja akikata kabichi juu ya meza ya mbao. Alikuwa na mkono mwepesi. Nilifikiria njia za picha. Nilifikiria kwamba kama ningeweka folda ya picha ndani ya folda ya kurasa, na kuandika jina la folda tu na jina la picha, ingefanya kazi popote, hata Nairobi, hata mwezini. Ilikuwa rahisi hivyo. Nilirudia mstari ule kichwani mara kadhaa, jinsi ungekuwa mfupi, na sikufikiria jambo lingine.

Waliniita. Hakuna aliyekuwa ananitazama isipokuwa mwenyekiti.

"Huyo mdogo wako ataingia," akasema. "Yule mama alipikia watoto wa watu hapa, mtoto wake hawezi kukosa kiti akihangaika huko nje. Bodi imekubali. Miaka yote."

"Asante, Mzee. Na tovuti?"

"Hiyo kitu ya kompyuta tutatafuta mtu mwenye ameisomea."

"Picha ziko. Kosa ni moja tu. Kesho naweza kuileta ikiwa sawa."

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa laini, "wachana na picha. Si umepata chenye ulikuja kutafuta?"

"Nilikuja na kazi, Mzee."

Mwalimu mstaafu alikuwa anafuta miwani kwa kona ya leso. "Umefanya kazi," alisema. "Umeandika vizuri. Mimi nimesoma kila kitu." Nadhani alimaanisha wema.

Ningekataa, ningekataa kwa niaba ya nani? Nikasema asante tena. Nikatoa disketi. Mwalimu mkuu akakunjua kitambaa na kuifunika kompyuta, akinyoosha pembe.

Nyumbani nilimkuta dada yangu akichagua maharagwe kwenye ungo.

"Walipenda?" akauliza.

"Umeingia."

"Nimeuliza kama walipenda website."

"Nimekuambia umeingia. Weka sufuria."

Aliweka sufuria. Baada ya muda akaenda kwenye kabati, akaichukua ile barua, akaisoma yote akiwa amesimama, pamoja na orodha ya vitu vya kununua.

Kesho yake nilirekebisha njia zote. Ilinichukua saa moja na nusu. Nilitoa pia yale maneno matatu, ni mama yangu, nikaweka badala yake mpishi mkuu msaidizi, ambacho ndicho kilichokuwa cheo chake. Nikaijaribu kwenye kompyuta zote nne, kisha kwenye ya fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuelewa kwa nini nahitaji kuona lango la shule kwenye mashine yake. Kila picha ilikuja. Nikapeleka disketi mbili ofisini Kajiado, nikamwachia karani. Hawakunijibu. Muhula uliofuata nilipokwenda siku ya wazazi niliona moja kati ya hizo juu ya meza ya karani, karatasi yangu imebanduliwa na nyingine imebandikwa: Mtihani wa Kidato cha Pili.

Tovuti ya shule ilitengenezwa na kampuni ya Nairobi. Niliifungua ilipotoka, nikaigeuza nyuma, nikasoma chanzo chake chote. Kilikuwa safi kuliko changu. Picha zao zilikuwa ndani ya folda moja, na njia zilikuwa fupi. Kwenye mahali pa maneno ya picha hawakuwa wameandika kitu. Nilinakili kwenye daftari namna walivyopanga menyu, na miezi michache baadaye niliitumia kwenye kazi yangu ya pili, ya hoteli ndogo iliyoko Kona Baridi, ambayo nililipwa. Nimefanya kazi hii tangu wakati huo. Mpaka leo siwezi kumpa mteja kitu kabla sijakijaribu kwenye mashine ya mtu mwingine, na nikiajiri mtu, hilo ndilo jambo la kwanza ninalomwambia. Simwambii nilikojifunzia.

Lakini kabla ya hayo, siku ya dada yangu kuripoti shuleni, tulibeba sanduku pamoja, kila mmoja upande wake. Dada yangu alikuwa na sketi iliyozidi, niliyoishona upindo mpana ili iachiliwe baadaye. Alitembea akitazama chini.

"Wakiniuliza nimeingia aje?"

"Sema uliitwa. Barua si iko?"

"Na wakisema ni huruma?"

"Waambie wakuonyeshe mtihani wao."

Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Karani alikagua vitu. Ndoo, kufuli, mashuka, kamusi. Akanisukumia fomu, na kwenye mstari wa mzazi au mlezi nikaandika jina langu. Akauliza uhusiano, nikasema dada, akainua macho kunipima umri, kisha akaandika. Msichana wa kidato cha nne akaja kumchukua dada yangu. Hawakupeana mkono wala kitu, alichukua tu upande wangu wa sanduku na wakaenda. Dada yangu hakugeuka. Nilikuwa nimemfundisha asigeuke.

Nilipaswa kwenda, kwa sababu nilikuwa nimeomba nusu siku tu. Nilizunguka nyuma ya madarasa, kwenye ua, mahali ambapo dirisha la kidato cha kwanza linaonekana. Nilisimama hapo na kungoja nijisikie kama watu wanavyosema mtu hujisikia. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Niliona mwalimu akiingia, wakasimama, wakaketi. Ilinichukua muda kumtafuta kwa sababu wote walikuwa na sweta moja. Alikuwa karibu na ukuta. Alifungua daftari jipya, akalikandamiza katikati kwa kiganja ili likae wazi, akapindisha kichwa kutazama ubaoni, na akaanza kuandika.

Nikangoja amalize mstari wa kwanza, kisha nikaenda kazini.